Musumari juu ya Kiti ya Kambo

Hii mambo ninaenda kubaambia, hamutaiamini. Ata minye, kama haingetokea ku nyumba yetu, hapa hapa Likasi, ningesema ni bongo, ni uongo, muntu anatafuta tu bamusome. Lakini niliona na macho yangu. Mutoto ya miezi saba alifukuzisha kambo yake, mama ya baba yake, mu nyumba kwa kuangalia tu. Hakusema neno, hakugusa muntu. Aliangalia. Na kama munataka kweli yote, macho ya mutoto haikukuwa na kosa. Kosa ilikuwa mu mukono yangu.

Acheni niende pole pole, juu nikienda mbio nitaruka bintu.

Minye ni Tania, niko na miaka makumi mbili, ninaikala kwa yaya yangu, dada mukubwa, Claire. Bwana yake alikuwaka Firmin, creuseur, alikuwa anachimba madini kule Kamatanda. Mutoto yabo ni moja tu, Steve. Na mu ile nyumba tuliikala pia na mama ya Firmin, Kambo Philomène. Kambo ni muntu ya kimya. Anaamuka, anafagia lupango, kiwanja ya nyumba, anaikala, anachambula matembele na kuimba nyimbo ya kanisa ya zamani kwa pua. Hana mambo na muntu.

Firmin alikuwaka anarudia saa kumi, kila siku, nyuma ya pikipiki ya jirani yetu Adam. Ile pikipiki tunaijua na sauti: inakohoa mara mbili mbele ya kunyamaza, khu-khu. Firmin anaingia mu salon, vumbi mwili muzima, na juu ya ile vumbi hagusi mutoto. Anatosha toshi yake ya kichwa, anaitundika ku musumari, mu ukuta karibu ya dirisha, anaiwasha na kuizima: pa, pa, pa. «Patron! Nimefika!» Patron ni Steve. Sasa Steve anacheka, anacheka mupaka anashikwa na kwikwi. Kisha njo baba anaenda kuoga. Salamu yabo ilikuwa ile.

Mwezi ya tisa, shimo ilifunika bantu batatu. Firmin alikuwa mu bale batatu. Balimutosha kisha siku mbili. Toshi yake haikuonekana.

Munajua vile tunafanyaka kilio huku. Bintu yote ya salon inatoka inje, viti, meza, kabati ya televizyo, yote mu lupango, juu bamama baikale chini ku mikeka. Siku ine salon iko bule. Kilio ilipoisha, bamama ya kanisa balirudisha bintu ndani. Balikuwa na roho muzuri, lakini habakujua fasi ya kila kintu. Kiti ya Kambo ilikuwaka karibu ya mulango ya jikoni. Bao baliiweka karibu ya dirisha, chini ya musumari. Hakuna muntu aliona. Claire alikuwa anaangalia chini tu. Kambo aliikala fasi balimuweka. Hii muikumbuke.

Juma moja ilipita, Adam hakuwasha pikipiki yake tangu kilio. Siku moja, saa kumi, niko na Steve ku magoti, inje pikipiki ya Adam: khu-khu. Steve anageuza kichwa mbio, anaangalia juu ya kichwa ya Kambo. Anangoja. Anacheka kidogo, ile kicheko ya kungoja. Anangoja tena. Kisha uso inabomoka. Analia, mama yangu, analia kama bamemuchoma, na macho haitoki pale.

Kesho yake, vilevile. Kesho kutwa, vilevile.

Sasa minye, kintu ikitokea, telefone iko tayari mukononi. Nilikamata video. Steve anageuka, anacheka, analia, na mbele yake Kambo anachambula matembele kama hakuna kintu. Niliandika juu yake: «Bantu ya Mungu, huyu mutoto anaona nini juu ya kambo yake???» Na sura tatu za kuogopa. Niliitia mu statut. Sikuwaza mubaya. Nilitaka tu bantu baseme eh! Kama ulisha kuandika kintu na bantu bakasema eh, unajua utamu yake.

Mbele ya jua kuingia, bantu mia mbili balisha kuiona. Kesho ilikuwa mu groupe ya kanisa, mu groupe ya avenue, na muntu moja ya Lubumbashi, hata simujue, alinitumia minye mwenyewe video yangu: «Dada, uone hii ya Likasi, inatisha.»

Siku ya tatu, Mama Jenny alikuya. Mama Jenny ni ule wa maombi, mwisho ya avenue yetu. Aliingia bila hodi.

—Njo huyu mutoto?

—Njo yeye, mama, nilijibia.

—Na kambo njo ule?

Kambo alikuwa pale pale, anasikia.

—Muntu mukubwa anaweza kufunga uso yake, Mama Jenny alisema. Mutoto hapana. Anaona baba yake amefungwa juu ya huyu mama. Mama alikula mutoto yake, sasa anangoja mujukuu.

Kambo aliweka matembele chini.

—Mama Jenny, uikale basi. Nikuletee maji?

—Maji yako? Uikunywe mwenyewe.

Na alitoka. Neno ilibakia mu nyumba kama moshi.

Kutokea ile siku, avenue iligeuka. Batoto benye Kambo alikuwaka anabapa miwa habakumusalimia tena. Mwanamuke ya kuuza makala alianza kuweka gunia chini mbele ya kumupa, juu asiguse mukono yake. Na Claire, yaya yangu, Kambo akibeba tu Steve, anafika mbio: «Mama, uache, nitamubeba.» Kila mara. Na sauti ya muzuri, njo ilikuwa mubaya zaidi.

Kisha Tonton Hilaire alipiga telefone. Tonton ni muloko, ndugu mudogo, ya mama yetu, njo mukubwa ya familia upande yetu, na upande ya Firmin hakubakia muntu ya kumukataza. Alisema: «Siku ya Mungu, kisha misa, nitafika na gari. Ule mama atarudia Kapolowe kwabo.» Kwabo! Kambo iko Likasi miaka makumi tatu na tano. Bwana yake na batoto yake bote, bamelala hapa mu makaburi. Kule Kapolowe amebakia na binamu moja, muzee kama yeye, na nyumba ya chumba moja.

Kambo aliniita mu lupango.

—Tania, ile video, unaweza kuitosha?

—Nilisha kuitosha, Kambo.

—Alors imekwisha?

—Hapana, Kambo. Iko kwa bantu.

—Ah, alisema. Vile tu. Ah. Na alikamata fagio.

Siku ya tatu mbele ya ile siku ya Mungu, nilikuwa ninatafuta photo ya Firmin mu telefone, juu ya kuchapisha ku bishati ya misa ya siku makumi ine. Ninateremusha, ninateremusha, ninafika mwezi ya saba. Video, dakika moja na kidogo, hata sikukumbuka kama niliikamata. Niliifungua. Inje: khu-khu. Mulango. Firmin na vumbi yake. Musumari. Pa, pa, pa. «Patron! Nimefika!» Na Steve, mudogo, anacheka mupaka kwikwi.

 Nilisimama katikati ya salon, niliangalia ukuta. Musumari ilikuwa bado pale, na chini yake kiti ya Kambo.

Hakuangalia Kambo! Hakumuangalia ata siku moja! Alikuwa anasikia pikipiki na anangoja toshi ya baba yake!

Ile asubui tulikuwa na kupeleka Steve ku kilo, kupimwa uzito. Muuguzi wa pale, Mama Zuhura, amepima batoto ya Likasi mupaka anabapima sasa batoto ya bale batoto. Nilimuuliza:

—Mama Zuhura, mutoto ya miezi saba anakumbukaka?

Alicheka.

—Asipokumbuka, ziwa ya mama yake ataijua namna gani? Anakumbuka. Lakini kukumbuka kwake iko mu macho. Haweze kusema baba hayuko. Anasikia kintu, na macho inaenda fasi ile kintu ilikuwaka inatokea. Ukiitosha, macho inaenda bado, inaitafuta.

—Mupaka lini?

—Eh, hapana siku mingi. Badogo hivi, juma mbili, tatu, inapotea. Ila kama unamukumbusha.

Inapotea! Na ni kweli, ile juma Steve alisha kuanza kupoa. Pikipiki inakohoa, anageuka, lakini polepole, na kulia ilikuwa kidogo. Nilihesabu siku. Kama anasahau mbele ya Tonton kufika, nitaonyesha nini? Nani ataniamini minye, Tania ya bastatut?

Munaweza kuniuliza: juu ya nini haukuonyesha ile video pale pale? Nisikilizeni. Claire, juma moja mbele ya ile, message moja ya sauti ya Firmin ilijifungua mu telefone yangu bila kusudi. Claire alianguka chini mu jikoni na sufuria mukononi. Alipoamuka aliniambia: «Tania, usinifanyie tena vile. Ata siku moja.» Tonton, nilimupigia. Alisema: «Telefone yako njo ilileta hii mambo. Uifunge.» Bon, hizo ni sababu mbili za kweli. Lakini kuko na ya tatu na nitaisema: nilitaka bantu bote bakuwe pale. Nilisha kuiona mu kichwa. Ninahamisha Kambo, pikipiki inakohoa, Steve anaangalia musumari, ukuta mutupu, muntu hayuko chini yake, bote kimya, na pale njo ninatosha video. Eh! Niliitunza kama vile muntu anatunza nyama ya mwisho ku sahani.

Basi nilianza kumukumbusha Steve. Nilienda kwa Adam.

—Adam, kaka, unipigie pikipiki asubui na saa kumi mbele ya mulango. Ikohoe tu.

—Weye Tania, unaomba pikipiki ikohoe? Minye niko nakunywisha hii pikipiki dawa ipone!

Lakini alifanya, juu Firmin alikuwa rafiki yake. Pikipiki inakohoa, ninaikala na Steve, ninafungua video ku telefone mbele ya macho yake. Pa, pa, pa. Patron, nimefika. Alicheka! Kwikwi ilirudia! Mara mbili kwa siku, kisha mara tatu, siku tatu. Nilikuwa na furaha kama mupumbavu. Mama Zuhura alisema fasi. Macho inaenda fasi. Minye nilikamata tu neno ya mwisho, kumukumbusha, na nilikimbia nayo.

Siku ya Mungu ilifika. Kisha misa, Tonton Hilaire alisimamisha gari ku mulango. Mama Jenny aliingia na kitambaa nyeupe ku kichwa, na majirani balijaza mulango na dirisha. Claire iko ku kiti na Steve ku magoti. Kambo alikuwa amevaa liputa yake ya sikukuu. Mufuko yake ya mistari ilikuwa chini ya miguu, imefungwa tayari. Alisha kuifunga mwenyewe asubui.

—Tonton, mbele ya yote, nisikilizeni, nilisema. Kambo, kuya uikale huku, karibu ya mulango ya jikoni. Fasi yako ya zamani.

Kambo alihama.

—Mutaona. Steve haangalie Kambo. Anaangalia musumari.

—Musumari gani? Tonton alisema. Sasa musumari njo imekuwa muntu?

Balicheka ku mulango. Niliacha bacheke. Nilikuwa ninawaza, ngojeni, ngojeni tu. Telefone iko mukononi, video tayari. Niliinua mukono ku dirisha, na Adam kule inje alifanya kazi yake.

Khu-khu.

Steve aliinua kichwa. Macho yake ilipita ku musumari kama vile unapita mbele ya nyumba ya muntu haumujue. Ilipita ku Kambo. Ilikuya mupaka kwangu, iliteremuka, ilisimama ku mukono yangu. Ku telefone. Alicheka ile kicheko ya kungoja, na alinyoosha mikono yote mbili.

Salon nzima ilifuata macho yake.

—Eeeh, Mama Jenny alisema polepole. Imehama.

—Nini imehama? Tonton aliuliza.

—Munaona na nyinyi. Imetoka kwa muzee, imeingia mu huyu binti.

Tonton aliniangalia kama hanijue.

—Tania. Ulikula kintu gani ku mukono ya huyu mama?

Bantu ya huku munajua ile ulizo. Bulozi, banasema, inapitiaka mu chakula. Claire alisimama na Steve, alirudia nyuma, mupaka mugongo yake ilipiga ukuta. Yaya yangu. Tulilala kitanda moja miaka kumi.

Na minye nilikuwa na video. Kidole moja tu! Kidole moja, na Firmin angesema mwenyewe. Lakini niliona zile sura. Niliwaza: nikifungua, sauti ya muntu mufu itatoka mu mukono yangu, mbele ya mutoto anayenyoosha mikono, na batasema muone, anamuita.  Niligeuza telefone, niliifunika ku paja. Ndiyo, niliificha. Ile muntu ya kusema kila kintu, ile siku nilinyamaza.

Kambo njo alisimama.

—Hilaire, muache mutoto ya bantu. Ni minye.

—Unasema nini? Mama Jenny aliuliza, na yeye mwenyewe sauti yake ilipunguka.

—Ni minye. Minye peke. Huyu hakukula kintu yangu. Ata mboga yangu ya sombe haigusake, anasemaka niko natia chumvi mingi.

Bongo! Ile sombe niliikulaka kila siku na kulamba sahani, na Claire alijua, na Kambo alijua ninajua. Hakuniangalia. Kama angeniangalia, nafikiri ningelia na yote ingetoka. Hakuniangalia juu ya ile.

Alibeba mufuko yake. Ku mulango majirani balifungua njia, mbali mbali, banguo isiguse. Aligeuka kwa Steve, hakumugusa, kama vile mutoto yake alikuwaka anafanya na vumbi yake.

—Patron, alisema. Ubakie muzuri.

Gari ilienda.

Siku mbili kisha, nilimufungia Claire mu jikoni na nilifungua video kwa nguvu. Aliangalia mupaka pa ya tatu. Kisha alienda mu salon, aliangalia musumari, aliangalia kiti. Alirudia.

—Ulikuwa na hii siku ya Mungu?

—Ndiyo, yaya.

—Mu mukono?

—Mu mukono.

Hakunipiga. Ningependa anipige. Alibeba Steve, alitoka inje, na mupaka leo ananiambia tu bintu ya kazi: tia maji, funga mulango.

Claire alimuita Tonton, alimuambia tulikosea, bamurudishe mama. Tonton alijibia: «Alikubali na kinywa yake, mbele ya bantu. Juu ya kufuta ile, muntu asimame mbele ya bale bale bantu aseme ule mama alibongopa juu ya kuponyesha nani.» Juu ya kuponyesha nani. Mumesikia. Ni minye ya kusimama. Na Mama Jenny iko anangoja tu, juu yeye alisha kusema imehama.

Nilienda Kapolowe juma yenye ilipita. Kambo alikuwa mbele ya nyumba ya binamu yake, anapukusa mahindi. Amekonda. Nilimuambia nitasema yote. Hakuacha mahindi.

—Ukisema, batakuweka fasi yangu. Minye niko na miaka makumi saba, weye makumi mbili. Hii hesabu, inakushinda?

—Kambo, lakini haukufanya kintu.

—Na weye ulifanya nini? Ulikamata video. Nyamaza, ukule.

Alinipa sombe. Kweli iko na chumvi mingi. Niliikula yote.

Sasa musikie mwisho. Pikipiki ya Adam ikikohoa, Steve hata hageuke tena. Ile imekwisha. Lakini asubui, Claire akianza kufagia lupango, ile sauti ya fagio, shwa, shwa, mutoto anaacha kucheza ku magoti yangu. Anageuza kichwa ku kiti ya karibu ya dirisha, fasi Kambo alikuwaka anaikala kisha kufagia. Kiti iko bule. Anangoja. Anacheka kidogo.

Mama Zuhura alisema juma mbili, tatu. Leo tuko ku mwisho ya ya pili. Jana hakukuwa na haraka ya kugeuka.

Njo maana nimeandika hii kwa telefone ile ile, majina yote ndani, na yangu ya kwanza. Lakini kuandika ni leo, na Kambo alisimama ile siku. Muniambie basi, musinifiche. Bantu bote banaangalia mukono yako, dada yako amejibandika ku ukuta, mutoto anakunyooshea mikono, na Kambo bado hajasimama ku kiti yake. Weye ungefanya nini?